Ngisi au mwanamizi: chambo gani uende nacho pwani

Alasiri moja ya maji ya bamvua, yale yanayojaa na kukupwa sana, Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mimi na binamu yangu tulisimama hatua chache tu mmoja na mwenzake, kila mtu na mshipi wake wa kuvulia. Nailoni sawa, ndoana sawa, chubwi la uzito mmoja. Mimi nilikuwa na ngisi niliyemnunua soko la Malindi, mjini Zanzibar, asubuhi ile, mbichi, ngozi yake bado ina vidoa vyekundu. Yeye alikuwa na ndoo ya mwanamizi, kaa wa kwenye gamba la konokono, aliowaokota mwenyewe maji yalipokuwa yamekupwa. Mpaka maji yanatufika mapajani na kuturudisha nyuma, kikapuni mwake mlikuwa na changu doa watano, kila mmoja amezidi kiganja. Mimi nilikuwa na changu mmoja, na vikande wawili, samaki wa kunyofoa chambo, ambao niliwarudisha baharini.

Wiki ileile, maji yameshakuwa mafu, hayapandi wala hayakupwi sana, tukaenda usiku kwenye ukuta wa Mizingani, mjini. Huko mambo yaligeuka. Kila aliposhusha mwanamizi, mshipi ulitikisika mara mbili tatu, akivuta ndoana inarudi tupu. Ngisi wangu alikaa ndoanani. Nilipata kolekole wawili na chewa mdogo, na binamu yangu akaja kuniomba kipande.

Tangu wiki ile, mtu akiniuliza chambo gani kizuri kwa uvuvi wa pwani, wa kujifurahisha siku ya mapumziko, nami humuuliza kwanza anakwenda wapi na ni maji gani. Wengi hununua chambo wanachokijua kisha wakatafuta pa kusimama. Mimi naona kinyume chake ndiyo sawa. Chagua pahala, tazama mwezi, halafu ndiyo uamue mfuko wako ubebe nini. Na kwa anayevua Unguja au Pemba akiwa amesimama nchi kavu, uamuzi huo mara nyingi huishia kwa hao wawili: ngisi au mwanamizi. Vyambo vingine vipo na nitavitaja, lakini hivi viwili ndivyo vinavyobeba siku nyingi.

Samaki amekuja kutafuta nini

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Makunduchi, Jambiani, Paje, Bwejuu, hadi Uroa na kuendelea, bahari ikikupwa huondoka mbali kabisa. Unaona mwamba kule mawimbi yanakovunjikia, na katikati yake na ufukwe ni mchanga, majani ya bahari, mashamba ya mwani na vidimbwi. Tofauti ya maji kupwa na maji kujaa siku za bamvua hukaribia mita 4. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mahali utakapovulia ilikuwa kavu, au maji ya vifundoni, saa chache kabla. Maji yakirudi, samaki huingia nayo, na wanaingia kula. Changu huja kusaka kaa, kome na wadudu wa mchangani. Ana magego ya kuvunjia magamba, si samaki wa kubahatisha. Mkundaji huchimba mchanga kwa ndevu zake akitafuta hao hao. Ukimpa changu wa pale mwanamizi, umempa kile kile alichokifuata.

Gatini na kwenye kuta za bahari hali ni nyingine. Mizingani, gati ya Mkoani, Wesha, au mawe marefu ya maporomoko ambapo maji hayaondoki hata yakikupwa, chini ni kina, na usiku taa za majengo na za vyombo huwavuta dagaa na ngisi kuja juu. Nyuma ya dagaa anakuja kolekole, nyuma ya kolekole mzia. Hapo ngisi ndiye chakula kinachotarajiwa. Tena katikati ya mawe ya gati pamejaa samaki wadogo wadogo wenye midomo myembamba, wasioweza kuimeza ndoana, ambao kazi yao ni kunyofoa. Chambo laini hakifiki chini.

Kwa hiyo swali la kwanza: pale utakaposimama, maji yakikupwa, panakuwa pakavu au hapana? Pakikauka, fikiria mwanamizi. Pasipokauka, fikiria ngisi. Si sheria ya kukatia mtu, ila ukianzia hapo hutapotea sana.

Mwanamizi, kwa karibu

Mwanamizi ni yule kaa anayetembea na nyumba ya konokono mgongoni. Wapo wa nchi kavu, wanaotoka usiku juu ya alama ya maji, chini ya mikoko na vichaka, na wapo wa majini, wanaobaki kwenye vidimbwi bahari ikiondoka. Wote wanafaa kuvulia. Wa majini ni wepesi kupatikana mchana, na kwa maoni yangu changu anawapenda zaidi, labda kwa kuwa ndio anaokutana nao kila siku.

Uzuri wake wa kwanza ni kwamba hununui. Ubaya wake wa kwanza ni kwamba lazima ufike mapema, maji yangali nje, uiname jua la saa nne likikupiga kisogoni. Asiyependa kazi hiyo asidanganyike kwamba atawapata baadaye. Maji yakishaingia hadi magotini, wamekwisha.

Kumtoa ndiko kunakowashinda wanaoanza. Watu humpiga kwa jiwe kama wanavunja nazi, kisha wanabaki na uji mkononi. Mweke juu ya jiwe bapa, ubavu wa gamba ukiwa juu, na umgonge katikati ya gamba kwa kipigo kimoja kifupi, mpaka usikie sauti imebadilika kutoka kavu kuwa nzito. Hapo gamba limepasuka na yeye mzima. Bandua vipande kwa vidole. Atatoka na tumbo lake laini lililojikunja kama mkia wa mjusi, rangi ya hudhurungi au machungwa, limejaa mafuta. Hayo mafuta ndiyo yanayoita samaki. Vunja gando kubwa kabla hujaendelea, maana anabana kweli. Kisha ingiza ndoana kuanzia ncha ya tumbo, ipitishe ndani kwa ndani, itokee kifuani ambako ni kugumu kidogo. Ukiishia tumboni tu, ukirusha mshipi tumbo litaruka peke yake na chubwi litaanguka peke yake.

Na hata ukimfunga vizuri, mwanamizi hapendi kurushwa kwa nguvu. Mimi humzungushia uzi wa kushonea mara tatu nne, bila kufunga fundo, unajikamata wenyewe kwenye unyevu. Halafu narusha kwa mkono wa chini, taratibu, hatua 15 au 20 mbele. Pwani ya mashariki huhitaji zaidi ya hapo. Maji yakiingia, samaki wanakufuata wewe, na mara nyingi wanaovuliwa wako karibu nawe kuliko pale ambapo mgeni anarushia.

Kuwatunza ni rahisi ukijua ni wa aina gani. Wa nchi kavu usiwatie ndani ya maji, watakufa. Wawekee mchanga wenye unyevu na kitambaa kibichi juu. Wa majini wanataka maji ya bahari, machache, yanayobadilishwa kila baada ya muda na yasiyopigwa na jua. Mwanamizi aliyekufa ndooni akakaa saa mbili hana thamani tena, tumbo huyeyuka. Wala hagandishiki akafaa. Chambo hiki ni cha siku ileile.

Jambo moja naomba lichukuliwe kwa uzito. Kaa wa nazi, yule mkubwa anayepatikana Chumbe na kwenye visiwa vichache vingine, akiwa mtoto hubeba gamba la konokono vilevile kama mwanamizi. Ukiokota usiku kwenye kisiwa chenye hao kaa, huwezi kuwa na hakika unamtia nani ndoanani. Huko usiokote kabisa.

Ngisi, kwa karibu

Ngisi anakaa. Sifa zake nyingine zote zinafuata nyuma ya hiyo. Nyama yake ni ngumu kiasi kwamba kikande akinyofoa mara kumi bado pana kitu kwenye ndoana, na wewe unapata nafasi ya kumngoja mwenye mdomo mkubwa zaidi. Anayevua usiku anaijua thamani ya hiyo: huoni chambo chako, huna njia ya kujua kimeliwa ila kuvuta, na kila unapovuta bure umepoteza dakika ambazo samaki alikuwepo.

Anakatika upendavyo. Vua kichwa, toa ule uti wake mwembamba unaong'aa kama plastiki, ambua ngozi ukitaka aonekane mweupe, pasua mkoba wake ulale kama karatasi. Kata ukanda wa upana wa kidole cha mwisho na urefu wa kidole cha shahada, upande mmoja uuchonge uwe mwembamba. Ndoana iingie mara mbili upande mpana, na ule mwembamba uuache uning'inie. Ukisogeza mshipi kidogo kidogo, ule mkia unacheza majini kama kisamaki kinachokimbia. Kolekole haachi kitu kama hicho kipite. Ninaowaona wakikunja ngisi donge moja kwenye ndoana wanajinyima: donge linazunguka wakati wa kuvuta, nailoni inasokotana, na samaki anaona donge.

Minyiri yake, ile mikono yake mirefu, usiitupe. Mnyiri mmoja mzima kwenye ndoana kubwa kidogo, ukishushwa karibu na mawe, ndio chambo changu cha chewa.

Sasa upande wake mwingine. Ngisi ananunuliwa, na ngisi ni kitoweo. Nikiwa sina hakika ya kupata kitu, huona vibaya kukatakata baharini kitu ambacho nyumbani kingepikwa kwa nazi. Nilichojifunza ni kumwomba muuzaji ngisi aliyepasuka au aliyejaa wino, ambao wateja wa kitoweo wanamkataa, na minyiri iliyobaki mezani. Kwa samaki hakuna tofauti. Mmoja wa ukubwa wa kiganja hutosha alasiri nzima ya mtu mmoja.

Naye, tofauti na mwanamizi, anavumilia. Akigandishwa nyumbani akatoka wiki mbili baadaye, bado ni chambo. Asiye na barafu amnyunyizie chumvi ya mawe akishamkata. Nyama inazidi kuwa ngumu, harufu haipotei. Kwa mtu wa kazi za mjini ambaye hajui mapema kama Jumamosi atapata nafasi, hili linaweza kuwa ndilo la kuamulia. Mwanamizi anataka siku nzima, ngisi anakubali saa mbili za baada ya magharibi.

Na changu hamli ngisi? Anamla, tena vizuri, hasa maji yakiwa yameshajaa na mwanga umepungua. Sikuondoka Jambiani mikono mitupu siku ile. Lakini mchana kweupe, maji machache, mchangani, nimelinganisha tena na tena na mwanamizi humpita.

Vyambo vingine

Kamba ni mtamu kwa kila samaki, na hilo ndilo tatizo lake. Wadogo wanammaliza kabla mkubwa hajafika. Ninamchukua kwa jambo moja tu, kuvua chaa na mkundaji kwenye mchanga mtupu pamoja na watoto, ndoana ndogo, namba 8 au 10 (namba ikipanda, ndoana inapungua). Watoto wanapata kitu kila baada ya dakika chache na hawachoki. Bei yake, kwa kazi nyingine, sioni sababu.

Kibua aliyekatwa minofu ana damu na mafuta kumzidi ngisi, na kwa mzia wa machweo ndiye namba moja. Lakini analainika upesi, na mzia anakata nailoni kwa meno, kwa hiyo utahitaji kipande cha waya mbele ya ndoana. Dagaa nao ni hivyo hivyo, laini zaidi. Pweza ni mgumu kuliko hata ngisi na chewa anampenda, ila mnyiri mmoja wa pweza una bei yake, na vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba hufunga miamba yao kwa miezi ili pweza wakue. Usimchokoe pweza wa chambo kwenye mwamba uliofungwa kwa kisingizio kwamba ni mmoja tu.

Anayemtamani tasi aache vyote hivi. Tasi anakula majani ya bahari. Wenye madema, ile mitego ya kusukwa, wanalijua hilo siku zote. Kwa mshipi jaribu kidonge kidogo cha mkate uliokandwa. Na ukimpata, mshike kwa kitambaa, miiba yake ina sumu. Ikikuchoma, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, maumivu hupungua.

Mwezi uko wapi

Huku kwetu maji ya bamvua, siku za mwandamo na za mwezi mpevu, hujaa kama saa kumi na hukupwa kama saa nne. Kwa mwenye kuvua na mwanamizi pwani ya mashariki ratiba hiyo imekaa yenyewe. Saa nne asubuhi unaokota, unarudi kivulini, unakula, na kuanzia kama saa saba na nusu unasimama na maji yanayoingia hadi saa kumi. Kila siku inayofuata sogeza mbele kama dakika 50. Siku ya tatu ya bamvua naipenda kuliko ya kwanza. Maji yana nguvu bado na unapata mchana mrefu zaidi wa kuokota.

Maji mafu, wiki moja baadaye, huondoka kidogo na kurudi kidogo. Vidimbwi havifunuki sawasawa, mwanamizi wa majini wanakuwa adimu, na samaki hawana haraka ya kuingia. Hizo ni siku za ngisi, ukutani au gatini, magharibi mpaka saa tatu nne za usiku. Gatini omba ruhusa kwanza, na usivue pale abiria wanapopanda na kushuka.

Upepo nao una neno. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, pwani ya mashariki huchafuka na mshipi hautulii. Upande wa magharibi wa Unguja na wa Pemba unakuwa umejikinga. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikija, kusini-mashariki kunatulia na mwanamizi anarudi kazini. Nungwi ni pahala pa peke yake: kwa upande wake wa magharibi maji hayaondoki mbali kama Jambiani, ingawa ufukwe ni mchanga, na hapo nimeona ni salama kubeba vyote viwili.

Kwa Pemba nimevua zaidi Vitongoji, kwenye yale mawe ya mashariki ya Chake Chake. Hapo pana jabali na pana vidimbwi, vyote hatua chache. Ami yangu aliyenifundisha alikuwa akianza na mwanamizi kwenye vidimbwi maji yakiingia, na maji yakishapanda jabalini anabadilisha ngisi bila kuhama. "Mwanangu," aliniambia, "maji yamebadilika, na wewe badilika." Nikimtazama alivyokuwa akifanya, hakungoja samaki waache kula. Alibadilisha maji yalipogusa mstari mweusi wa jabali, kila siku pale pale.

Kabla hujatia ndoana

Chumbe hairuhusiwi kuvua kabisa kwenye mwamba wake uliotengwa tangu 1994. Misali, kisiwa cha magharibi ya Pemba, ina sehemu isiyoguswa. Kwingine, ukifika kijiji usichokijua, piga hodi kwa sheha au Kamati ya Wavuvi ya Shehia, ueleze unavua kwa mshipi wa mkono na chambo gani. Sijawahi kufukuzwa, na mara mbili nimeelekezwa pahala ambapo nisingepajua mwenyewe. Na mashamba ya mwani ni ya akina mama waliyoyafunga kamba moja moja. Usipitishe mshipi wako juu yake.

Pwani ya mashariki maji hayaingii kutoka mbele peke yake. Kati yako na ufukwe kuna mifereji ya chini inayojaa kwanza, huku wewe mbele bado umesimama kwenye mchanga uliokauka. Geuka nyuma kila unapotia chambo kipya. Vaa viatu.

Bunju akishika, kata mshipi kama hutaki kumgusa, lakini asipelekwe nyumbani. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Ngogo naye ana miiba. Toa ndoana kwa koleo bila kumshika.

Ngisi akibaki, mtie chumvi kabla hujaondoka, usingoje nyumbani. Mwanamizi waliobaki warudishe pwani ile ile ulikowatoa, na yale magamba mazima matupu uliyokutana nayo uyaache hapo hapo ufukweni. Mwanamizi akikua huhama nyumba, na asipopata kubwa zaidi hakui. Binamu yangu huwapanga ukingoni mwa maji, midomo ya magamba ikitazama chini, anangoja mpaka wote watoe miguu waanze kutembea, ndiyo anabeba ndoo.